Zulia la Katani

Lori lilisheheni machungwa, na dereva wake, muungwana wa barabara, alishawasha indiketa ya kushoto kuniambia nipite. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari langu lilikuwa dogo, otomatiki, la Kijapani, umri wake miaka 14, na katika hiyo miaka 9 sijui liliishi wapi wala na nani. Likajivuta, likashusha gia, likachomoka. Nikalipita lori, nikarudi upande wangu, nikainua mguu.

Injini haikuteremka. Ile sauti nyembamba ya kupiga resi ilibaki palepale, na mshale wa spidi ukawa unapanda wenyewe: 100, 110, 115. Tulikuwa tumeshaipita Mkanyageni, jina ambalo siku nyingine hunichekesha, tunaelekea Pongwe. Mbele yangu kulikuwa na bodaboda aliyefunga magunia mawili ya mkaa, na mbele yake wanafunzi wanavuka.

Nikakanyaga breki. Gari likapungua kidogo. Nikaachia, nikakanyaga tena, na safari hii pedeli ilikuwa nzito. Mara ya tatu ilikuwa jiwe.

Kushoto kwangu alikaa Mjomba. Mwaka huo, 2014, macho yake yalishaingia ukungu wa mtoto wa jicho, na nilikuwa nampeleka Hospitali ya Bombo akaonwe. Bodaboda hakumwona, watoto hakuwaona. Alichokuwa nacho ni masikio yaliyosikiliza injini kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Umeachia mafuta?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai imetiwa sukari.

"Nimeachia, Mjomba!"

"Basi usipampu breki. Kanyaga mara moja, ushikilie hapohapo."

Huku anasema, mkono wake wa kulia ulipapasa, ukaishika gia, ukaisukuma mbele hatua moja, kutoka D kwenda N. Hapo hakuna kitufe cha kubonyeza. Unasukuma tu, inaingia. Injini ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena, lakini magurudumu yalikuwa yameshaachana nayo. Nikaikandamiza breki kwa miguu miwili. Tukasimama kwenye majani ya pembeni, wanafunzi wakitutazama kama tumewachezea sinema.

"Sasa zima," akasema Mjomba. "Ungeikata swichi kule nyuma mpaka mwisho, usukani ungeweza kujifunga."

Alishuka yeye kwanza. Akazunguka gari kwa kupapasa boneti, akafungua mlango wangu, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya miguu yangu. Akatoka na zulia, amelishika kona moja, kama mtu anayetoa changu kwenye dema.

Lilikuwa zulia la katani, nene, pindo lake limeshonewa kitambaa cheusi. Nililinunua kwa mama mmoja wa Muheza mjini, anayesuka na kushona mwenyewe barazani kwake, na nililinunua kwa majivuno. Sisi watu wa Tanga mkonge ni nasaba yetu. Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kwa hiyo 62 mkoa mzima ukageuka mashamba. Kila mtu ana babu aliyekata mkonge au aliyewasimamia waliokata. Nikaona si vibaya na gari langu nalo likavaa cha nyumbani, badala ya yale mazulia ya mpira ya machinga.

Kosa langu ni kwamba la mpira sikulitoa. Nililitandika la katani juu yake. Chini ya yote mawili kulikuwa na kapeti la gari lenyewe, na kwenye kapeti matundu mawili ambayo kwa miaka niliyolimiliki sikuwahi kujiuliza ni ya nini. Ni ya ndoano. Zulia la dereva hufungwa sakafuni kwa ndoano ili lisitembee. Zangu zilikuwa zimeng'oka kabla gari halijavuka bahari.

Mjomba alinishika mkono akaniwekea kidole kwenye ncha ya pedeli. Nyuzi tatu za katani zilikuwa zimenasa pale. Mguu ukikanyaga kidogo kidogo, kama tunavyoendesha mjini, pedeli haifiki kwenye pindo. Ukiisukuma mpaka chini, ncha inapenya chini ya pindo, na inapotaka kurudi inakuta pindo limeikalia. Ndiyo maana zulia lile lilikaa miezi minne bila kisa. Lilikuwa linangoja lori la machungwa.

Hapa inabidi nieleze jambo kuhusu Mjomba. Ukoo mzima, kuanzia Muheza mpaka Pangani, tulimwita Mjomba Resi. Hakulipenda jina hilo na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alilipata mwaka 1983, nikiwa darasa la pili. Alikuwa dereva wa lori la shamba moja la chai huko milimani Amani, na siku moja, akiteremka kuja Muheza, lori likakosa kona, likaingia korongoni, likalala ubavu. Hakufa mtu. Utingo alivunjika mkono, makasha ya chai yakapasuka, na watu wa kijiji cha jirani wakanywa chai ya kwenda Ulaya kwa mwezi mzima. Ripoti ikasema mwendo kasi na uzembe wa dereva. Kazi ikaisha. Tangu hapo, kila harusi iliyohitaji mtu wa kuendesha gari la vyombo, shangazi zangu walimwambia, "Resi, pole pole baba, tumebeba sufuria," na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka miaka 31.

Siku ile njiani hakunikumbusha hayo. Tulikaa kwenye jiwe, tukisubiri injini ipoe na magoti yangu yapate nguvu, na alichonisimulia ni kisa kingine kabisa, cha kuchekesha, nadhani kwa sababu aliona mikono yangu inatetemeka.

Kilitokea kwenye uwanja wa kiwanda cha mkonge, miaka ya sabini, kabla hajapanda Amani. Malori ya siku zile yalikuwa na chujio la hewa la bakuli: chini ya bakuli unatia oili, hewa inapita juu yake, vumbi linanasa. Kuna alama ya kuonyesha oili ifike wapi. Fundi mmoja kijana, aliyetaka kuonekana ana bidii, akaijaza kupita alama. Lori likawashwa. Dakika chache baadaye injini ikaanza kupanda resi yenyewe, hakuna aliyegusa mafuta, moshi mweupe ukalifunika gari zima. Mjomba akavuta waya wa stopu. Pampu ikakata dizeli, injini ikazidi. Ilikuwa imeshapata chakula kingine: inakunywa oili ya bakuli, na dizeli haihitaji plagi kuwashwa, inahitaji kitu cha kuungua na hewa ya kukiunguza. Ukitoa swichi, haikusikii. Itakunywa mpaka oili iishe au ipasuke.

"Watu wote walikimbia," alisema Mjomba. "Na msimamizi akiwa wa kwanza."

Aliyebaki ni utingo wake, Mdigo mmoja mfupi. Huyo akapanda juu ya tairi, akavua kubadhi lake la ngozi, akaligandamiza kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Kubadhi likanyonywa, likashikilia lenyewe. Injini ikakohoa, ikatikisika mara mbili, ikafa. Walipolibandua, soli ilikuwa na duara limechongeka, kama alama ya kikombe kwenye meza. Yule utingo alilivaa hivyohivyo mpaka likaisha, na kila aliyemwuliza alimwinulia mguu amwonyeshe.

Kitambaa ungekiweka pale, Mjomba alisema, kingemezwa. Na mkono mtupu usijaribu.

Baada ya Mjomba kupasuliwa jicho la kwanza, nilikwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Alikuwa na bandeji na alikuwa anakunywa uji. Nikamwuliza kile ambacho ukoo mzima haukuuliza: "Mjomba, ile ya Amani ilikuwa nini?"

"Mpira," akasema.

Mwaka ule spea hazikuwepo. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuacha watupu, petroli ilibanwa mpaka magari binafsi yakakatazwa kutembea kuanzia Jumapili saa nane mchana, na Machi 1983 Serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye duka aliyebakiwa na springi mbili tatu alizificha asije akaambiwa kalimbikiza. Springi ya kuirudisha pedeli ya mafuta kwenye lori la Mjomba ilikatika. Gereji ya shamba ikafunga kipande cha mpira wa tyubu mahali pake, kama walivyofanya kwenye malori mengine, na kama walivyofanya watu wengi nchini mwaka ule. Mpira wa tyubu unavuta vizuri wiki ya kwanza. Karibu na injini unapata joto, unalegea, unapakwa oili, unavimba. Siku ya siku aliinua mguu kabla ya kona, na mafuta hayakurudi.

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia siku ileile. Nikasema tatizo ni mpira. Wakaniuliza, mpira gani, wa miguu? Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanyaje?"

Akaendelea na uji wake.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma habari hizi, pengine kupita kiasi. Mke wangu husema ningesomea udereva ningekuwa mbali. Kisa kilichonikamata zaidi ni cha Marekani. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, California, askari wa doria wa barabara kuu, akiwa mapumzikoni, alikuwa anaendesha Lexus ya kuazimwa huku gari lake likiwa kwenye matengenezo. Ndani walikuwemo watu wa familia yake. Gari likakimbia lenyewe, na mmoja wao akapiga simu ya dharura kueleza kwamba pedeli imekwama na breki hazipo. Walikufa wote wanne. Wachunguzi walikuta zulia gumu la aina nyingine ya gari, kubwa kuliko nafasi yake, na pedeli imenasa humo. Mwezi uliofuata Toyota, waundaji wa Lexus, ikatangaza tahadhari ya mazulia kwa magari kama milioni 3.8 huko Marekani, na Januari 2010 ikayaita mengine milioni 2.3 ambayo pedeli zake zilikuwa zinagoma zenyewe, bila zulia. Wahandisi wa NASA waliitwa kuchunguza kama kompyuta ya gari inahusika. Taarifa ya Februari 2011 ikasema hawakuona ushahidi wa hilo. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma likakataa kushawishika, likaiona programu ya gari moja la mwaka 2005 kuwa na hatia. Mwaka 2014 Toyota ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwaficha wateja ukweli.

Mabilioni nawaachia mawakili. Mimi namfikiria yule askari. Kuendesha ilikuwa kazi yake, na bado watu waliuliza kwa nini hakuweka N, kwa nini hakuzima. Gari si lake, na lilikuwa la kitufe: likiwa linatembea, ulitakiwa ukishikilie sekunde 3 ndipo lizime. Nani anajua hilo akiwa kwenye spidi 160?

Na breki? Fundi wangu wa Makorora, anayefanya kazi chini ya mwarobaini, alinionyesha jambo ambalo kila mwenye gari anaweza kulijaribu likiwa limepaki. Zima injini. Kanyaga breki mara tatu nne. Utaona inavyogeuka ngumu. Nguvu inayoulainisha mguu wako inatoka kwenye busta, na kwenye gari la petroli busta inanyonywa na injini. Injini ikiwa imefunguka mafuta yote, haiinyonyi tena. Kilichobaki mle ndani ni cha kukanyaga mara moja, labda mbili. Aliyeshikilia kwa nguvu mara ya kwanza ana nafasi. Aliyepampu, kama tulivyofundishwa wengi na magari ya zamani, amekwisha. Baadaye, akiulizwa, atasema breki zilikataa, na hadanganyi. Fundi atazikagua breki atazikuta nzima, naye hadanganyi. Katikati yao kuna zulia ambalo mvuta gari ameshalitupa pembeni ya barabara.

Nisionekane wakili wa kila dereva. Wapo wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na wataapa kwa msahafu kwamba mguu ulikuwa kwenye breki. Miaka ya themanini Audi ilikaribia kufukuzwa Marekani kwa tuhuma hizo baada ya kipindi cha televisheni cha mwaka 1986. Uchunguzi wa serikali uliotoka 1989 ukakuta kwamba sehemu kubwa ni miguu kukosea pedeli. Dawa iliyopatikana iko kwenye magari yetu karibu yote ya oto leo, na wengi hatujui asili yake: huwezi kutoa gia kwenye P bila kukanyaga breki. Japan nako, Aprili 2019, mzee wa miaka 87 aligonga watu katika mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, akaua mama na mtoto wake wa miaka 3. Alilisingizia gari. Mahakama ikasema ni mguu wake, ikamfunga. Sasa Wajapani wameamua kwamba kuanzia Septemba 2028 magari mapya ya oto yawe na kifaa cha kuzuia kosa hilo. Sisi tutayapata miaka kumi baadaye, mitumba, kifaa kimeng'olewa.

Kwetu hata mguu wenyewe una wasaidizi wake wa ajali. Kandambili inayokunjika ikaingia chini ya breki. Chupa ya maji ya nusu lita inayobiringika kutoka chini ya kiti. Kanga iliyoanguka. Nimewahi kuona dereva wa kipanya Ngamiani anaendesha na yai la kuchemsha linazunguka miguuni, na abiria wanamshauri asilikanyage, litaharibika.

Tunachokosa ni mtu wa kuinama atazame kabla ya kuhukumu. Septemba 2019, gari liliporudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likatumbukia na mama na binti yake, ilichukua siku 13 kulitoa majini. Vijiwe vya kahawa vya Tanga havikungoja hata siku moja. Nilikaa kwenye kimoja nikasikia hukumu nne tofauti kabla kikombe hakijapoa, zote zikianza na neno "uzembe". Niliondoka bila kusema kitu. Ningesema nini?

Mjomba aliniomba lile zulia la katani. Amelitandika mlangoni kwake, na wageni wanafutia miguu. Mmoja wa shangazi zangu, yule wa sufuria, nilimweleza habari ya springi na mpira wa tyubu. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Masikini Resi." Jina halijamtoka.

Gari nililiuza mwaka 2017 kwa kijana mmoja wa Chumbageni. Nilimkabidhi kadi, ufunguo wa akiba, na maelezo: zulia moja tu upande wa dereva, tena lililofungwa; nilikuwa nimeshatafuta ndoano, fundi akazikaza. Akaitikia kwa heshima zote. Kama miezi miwili baadaye nikaliona gari limepaki karibu na uwanja wa Mkwakwani, kioo kiko chini. Nikachungulia. Alikuwa ameweka zulia jekundu la manyoya, linalong'aa, juu ya lile la ndoano.

Akaja na soda yake mkononi. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili zulia, kijana, si tuliongea?"

Nikamsimulia upya, safari hii kwa urefu: lori la machungwa, pindo, nyuzi tatu, breki ilivyogeuka jiwe. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango, anakunywa kidogo kidogo, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akatabasamu, kwa upole kabisa.

"Mzee," akasema, "hapa tuko wawili tu. Siku ile ulikuwa unakimbiza."